Ufa Kwenye Jiko la Mjomba

Jumanne, 11 Machi

Mvua imeanza leo, tukiwa kwenye hesabu. Mwalimu wa lugha ametuambia kila mmoja aandike shajara ya muhula huu kwa lugha ya darasani, si Kiswahili, kurasa mbili kwa wiki, naye atazikusanya kila Ijumaa. Ile nimeshaianza. Humo ndani naamka, napiga mswaki, naipenda familia yangu. Hii ya Kiswahili haikusanywi na mtu. Inalala ndani ya foronya yangu, na humu nitasema kweli, kwa sababu kweli ya kusema kwa mdomo imenishinda tangu nizaliwe.

Kweli ya kwanza: sitaki mjomba akae kwetu.

Jumatano, 12 Machi

Mjomba ni kaka yake mama. Miaka ishirini na miwili alifanya kazi kwenye kiwanda cha kusubu vyuma, pale wanapoyeyusha chuma kikawa uji mwekundu, wakaumimina kwenye kalibu za mchanga. Kiwanda kimefungwa. Yeye amekuja kwetu na begi moja, redio moja, na masikio yaliyokufa nusu kwa kelele za mashine. Analala kwenye sofa la sebuleni. Sebule hiyo hiyo ndiyo kazini kwa mama: cherehani dirishani, kioo kirefu ukutani, wateja wanaingia kupimwa nguo. Sasa mteja gani atavua gauni mbele ya miguu ya mwanamume iliyochomoza kwenye blanketi?

Leo mama amemwambia. Kumwambia mjomba jambo ni sawa na kuutangazia mtaa.

"Kaka! Sofa si kitanda cha mtu mzima!"

"Eeh?"

"Mvua zikiisha, sare za shule zinaanza! Humu ndani hapatapitika! Uwe umepata pa kushika, la sivyo urudi kwa kaka mkubwa!"

Kaka yao mkubwa ana mabanda ya kuku. Yeye na mjomba hawajasalimiana tangu mimi sijaanza shule. Mjomba akatazama soksi zake.

"Nimesikia," akasema.

Jirani wa nyumba ya pili naye alisikia. Nilimwona akifunga dirisha taratibu, kama mtu aliyeshiba.

Ijumaa, 14 Machi

Mjomba ana mpango. Ng'ambo ya barabara kuna gereji, na mafundi wake mchana wanakula mkate mkavu na soda. Fundi mkuu wao, wanamwita Spana, amemkubalia atumie kibaraza cha mbele kuchoma kuku na mahindi. Analotafuta ni jiko: dogo, la kubebeka kwa mkono mmoja, la mkaa, na liwe la chuma cha kusubu. "Bati linaungua, linapinda," anasema. "Chuma cha kusubu kikishika moto hakiuachii. Kama mama yako akishika hasira."

Mama alicheka, halafu akakumbuka kwamba amekasirika.

Nimeambiwa kesho niende naye. Sikuuliza kwa nini. Kucha zangu zimekwisha, sasa natafuna kamba ya sweta.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika hapa nimeketi, nasimama, naketi tena. Nimefanya jambo.

Tulikwenda kwa muuza vyuma, mtu mwenye tumbo na kofia ya sufu, duka lake limejaa mpaka nje: sufuria, pasi za mkaa, majembe, majiko. Mjomba akawa mtu mwingine. Nyumbani anatembea kama anaomba radhi kwa zulia, lakini pale alikunja mikono ya shati, akaanza kuyapindua majiko moja moja kama daktari anayepindua watoto. Alipitisha kidole gumba na cha shahada kwenye ukingo, kuzunguka wote, kuona kama unene ni sawasawa. "Pakiwa pembamba hapa na panene pale, moto utapasua," akanieleza. Akatazama miguu: iwe imesubiwa pamoja na bakuli, isiwe ya kufungwa kwa skrubu. Akafungua na kufunga kimlango cha hewa mara kumi. Akainua wavu. Akakwaruza rangi kwa ukucha, kwa sababu rangi, anasema, imeficha aibu za watu wengi.

Yakabaki mawili. Moja la kawaida. Jingine zuri, fupi, mdomo mpana, mshikio umekaa vizuri mkononi. Nilimwona mjomba ameshalipenda. Alilishika hakuliweka chini.

Ndipo akaniambia kilichonileta. Jiko la chuma unalining'iniza kwa mshikio, unaligonga kwa ufunguo. Likiwa zima linalia kama kengele, sauti inakwenda mbali. Likiwa na ufa, hata ule usioonekana, linajibu kwa mkato, kama mlango. "Zamani niligonga vyuma mia kwa siku," akasema. "Sasa sisikii kitu. Wewe ndiye sikio langu, mama."

La kwanza nililigonga, likalia ngiiii, mpaka meno yakawasha. Nikasema, "Linalia."

La pili nikaligonga. Ko.

Nikaligonga tena. Ko.

Wakati huo mvua ilikuwa imewasukuma wasichana watatu wa darasa langu chini ya paa la duka. Wananijua. Nikisoma darasani kwa hii sauti yangu ndogo, mmoja wao hujifanya anatafuta mbu. Muuza vyuma akasema, "Binti, unabisha hodi hapo? Ngoja basi, wenyewe watafungua!" Wasichana wakacheka mpaka wakashikana. Mjomba hakusikia chochote, alikuwa ananitazama mdomo, macho yake yamejaa lile jiko.

"Vipi? Linalia?"

Niliitikia kwa kichwa.

Akatoa pesa zake za mwisho za kiinua mgongo. Alilibeba mpaka nyumbani mwenyewe, katikati ya mvua, amelifunika kwa koti lake.

Jumapili, 16 Machi

Mvua. Labda nilisikia vibaya.

Jumanne, 18 Machi

Sikusikia vibaya. Nimeligonga asubuhi mjomba akiwa bafuni. Ko.

Jumamosi, 22 Machi

Kumbe jiko la namna hii halitumiki hivi hivi, linalelewa kwanza. Mjomba aliliosha kwa maji mara moja tu, "la kwanza na la mwisho," akalikausha juu ya moto mdogo, akalipaka mafuta ya kula kwa kitambaa, mafuta membamba kabisa, kisha akaliwasha mpaka likaacha kufuka moshi. Likipoa, tena. Mara nne. Chuma kikaanza kugeuka kutoka kijivu kuwa cheusi chenye kung'aa kama mbegu ya papai. Kazi yangu ni kupaka chini na miguuni, kwa sababu mgongo wake haukubali kuinama.

Ameniimbia sheria akihesabu kwa vidole vyenye masizi: usililoweshe likiwa la moto. Usitumie sabuni, tumia brashi. Usiache majivu ndani, majivu yanakunywa unyevu na kuleta kutu. Lilaze pakavu. Msimu huu wa mvua, pakavu ni chini ya kitanda changu.

Kwa hiyo nalala juu yake.

Alhamisi, 27 Machi

Leo mama, kwa wema wake, amelisugua jiko kwa sabuni na waya wa kusugulia "ili kaka aanze na kitu safi." Mimi na mjomba tumerudi limeota kutu rangi ya chungwa lote. Nilidhani mjomba atapiga ukelele. Alisimama tu, akaenda kuchukua kitambaa na mafuta, akaanza upya.

"Ungemwambia mama," nikamwambia. Hakusikia. Nilikuwa nimesema kwa sauti yangu ya kawaida.

Ijumaa, 28 Machi

Mwalimu amerudisha shajara zetu za darasani. Ya kwangu imepata alama nzuri, ameandika kwamba nina familia yenye furaha.

Jumanne, 1 Aprili

Amefungua. Kuku wawili, mahindi kumi. Vyote vimeisha kabla ya saa nane. Amerudi ananuka moshi na kutabasamu. Mama akamwambia asipite karibu na gauni la bibi harusi lililotundikwa mlangoni.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Nguo hazikauki, soksi zinanuka kama mbwa.

Nilijaribu kumwambia. Alikuwa anapepea mkaa pale kibarazani, mvua inapiga mabati. Nikasogea karibu na sikio lake zuri, la kulia, nikasema, "Mjomba, lile jiko lina ufa." Akaitikia kwa kichwa, kwa upole, kama anavyoitikia kila kitu asichokisikia. Kisha akanipa hindi.

Nikala. Sote wawili ni watu wa kuitikia kwa kichwa, na sijui nani kati yetu amemdanganya mwenzake zaidi.

Jumatano, 9 Aprili

Katika methali zote zilizoko duniani, leo mwalimu wa Kiswahili ameandika ubaoni: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Akanisimamisha mimi nieleze. Nilisimama. Nilisimama muda mrefu. Akasema, "Keti, kimya kingi kina mshindo mkuu." Darasa likacheka. Makwapa yangu yalilowa kuliko nje.

Jumapili, 13 Aprili

Nimejaribu kuiandika kwenye ile shajara ya darasani, labda nikiisema kwa lugha ile itanitoka. Ilitoka vizuri sana. Kosa langu likawa dogo, limechomekea shati, kama mgeni wa heshima. Nikachana ukurasa.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimeanza kumchunguza mjomba bila kukusudia. Anamwachia kila mtu kipande kikubwa kuliko alichoomba. Mafundi wanamtania kwa kumsemesha bila kutoa sauti, wanafungua tu midomo, naye akiwagundua anawajibu vivyo hivyo, midomo tupu, kwa ukali, na mkono kiunoni. Wanagaagaa chini kwa kicheko. Asubuhi anakunja blanketi lake kabla hatujaamka na kuketi wima pembeni ya sofa, viatu miguuni, kama mtu aliye kituoni. Nilikuwa naamka makusudi kunywa maji nipate kumchukia vizuri. Siku hizi naamka namkuta amekaa hivyo, namjazia kikombe naye.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimeligonga. Ko fupi zaidi, au nimechanganyikiwa.

Jumatatu, 5 Mei

Jua saa mbili nzima. Mama akatoka nje akatazama juu, akarudi ndani akatazama sofa. Mjomba naye alimwona.

Alhamisi, 8 Mei

Habari kubwa. Mwenye gereji, ambaye huwa haji, anakuja Jumamosi na wageni kumi na wawili, na Spana amempigia debe mjomba awachomee. Wakiridhika, kibaraza kitakuwa chake rasmi, na stoo ya nyuma yenye kufuli ya kuwekea vitu. Mjomba alimwambia mama akiwa amesimama katikati ya sebule, kofia mkononi.

"Basi ukipata hiyo," mama akapaza sauti, sindano mdomoni, "tutazungumza vizuri! Ukikosa, kaka, usinifanye niseme tena!"

Jumamosi, 10 Mei

Nataka niandike haya kabla sijaanza kuyapamba.

Asubuhi nilikuwa napaka jiko mafuta chini, kama kawaida. Nilipofuta, pakabaki mstari. Nikafuta tena. Ukarudi: mafuta yalikuwa yanatoka ndani ya chuma chenyewe, mstari mweusi mwembamba kama unywele, kutoka kwenye shina la mguu mmoja mpaka karibu na tundu la hewa. Urefu wa kidole changu. Nikageuka kumwita mjomba, naye akaingia ameshavaa shati jeupe, lile mama alilomshonea kwa vitambaa vilivyobaki, akalinyakua jiko kwa mshikio, akasema, "Niombee, mama," akaondoka.

Nilitembea kutoka jikoni mpaka mlangoni, mlangoni mpaka jikoni. Mama akauliza kama tumbo linaniuma. Nikasema ndiyo. Saa sita na nusu nikavuka barabara bila mwavuli.

Kibaraza kimejaa. Wageni kwenye mabenchi, mwenye gereji katikati, mtu mkubwa mwenye saa kubwa. Jiko limejaa mkaa mwekundu, limebeba kuku wa watu, na ubavuni, kwenye kigoda, upande wa mguu ule ule, ameketi mtoto wa mwenye gereji, msichana wa miaka minne hivi, ananyoosha viganja vyake apate joto.

"Mjomba," nikasema.

Mvua ilikuwa inavunja mabati.

"Mjomba!"

Akanipungia koleo, akatabasamu, akageukia kuku.

Sijui sauti ile nimeitoa wapi. Mimi nilikuwa siijui.

"MJOMBA! JIKO LINA UFA! MTOE MTOTO! LINA UFA TANGU DUKANI, NILISIKIA, NIKANYAMAZA! ULINIULIZA NIKAKUDANGANYA!"

Kila mtu alisikia. Mafundi walitoka chini ya magari. Ng'ambo, mama alisimama mlangoni na futi shingoni. Mjomba alisikia pia, nililiona neno linamwingia, likashuka, likakaa.

Hakuniangalia. Alimnyanyua mtoto na kigoda chake pamoja, kama alivyo, akamweka mapajani mwa baba yake. Akaondoa kuku. Akapiga goti, mgongo ule ule, akachungulia chini. Ufa ulikuwa umeshafika kwenye tundu la hewa, na ndani yake unaona wekundu, kama jicho linalofumbuka.

Spana akaja mbio na ndoo ya maji.

"Usithubutu!" mjomba akanguruma. "Ukimwaga litalipuka vipande!"

Alitoa mkaa kipande kimoja kimoja kwa koleo, akauweka kwenye rimu ya gari iliyokuwa imelala pale. Watu kumi na watatu walimtazama. Ilichukua muda mrefu kuliko muhula mzima. Kuku walikuwa wabichi katikati. Mwenye gereji akatazama saa, akafungua mwavuli, wakaondoka wote kwenda kula kwingine.

Mjomba akaketi kwenye kigoda cha mtoto. Nilisema samahani. Nadhani hakusikia. Sijui kama hakutaka.

Jumapili, 11 Mei

Hajasema nami.

Jumatatu, 12 Mei

Hajasema nami. Shuleni wale wasichana watatu wamenipisha kwenye foleni ya maji. Kumbe kaka wa mmoja wao ni fundi pale, kila mtu ana habari. Nilinywa maji bila kuyasikia ladha.

Jumanne, 13 Mei

Amesema, "Nipishe." Nilikuwa nimesimama mlangoni.

Jumatano, 14 Mei

Jioni Spana alikuja kuniita. "Mjomba wako anataka mtu wa kushika tochi. Na ukiwa na tangazo lolote, litoe mapema, tuhame."

Jiko lilikuwa juu ya meza ya gereji, limegeuzwa miguu juu. Mjomba alikuwa na drili. Akanionyesha mwisho wa ufa, pale unapopotea. Ufa hukimbia mbele kwa ncha yake, akasema. Ukitoboa tundu la duara pale pale kwenye ncha, unakosa pa kuchoma, unasimama. Lakini ukose kwa upana wa unywele, umefanya kazi bure. Chuma cha kusubu hakichomelewi ovyo kama bati, joto la ghafla linakipasua upya. Alitoboa polepole, akaacha kipoe, akatoboa. Kisha akafunika kote kwa bamba dogo, bolti nne, nati kwa ndani.

Nilishika tochi kwa mikono miwili.

"Kwa nini?" akauliza, bila kuinua kichwa.

"AIBU," nikasema kwa nguvu. "WALIKUWA WANANICHEKA."

Alikaza nati mpaka mwisho.

"Na mimi nilishalipenda," akasema. "Hata ungeniambia, huenda ningebisha. Ningesema mtoto hajui kugonga." Akapuliza vumbi la chuma. "Lakini yule mtoto angeungua, ningekuchukia mpaka nife. Usinifanyie tena."

"SITAKUFANYIA."

"Sasa hapo huna haja ya kupiga kelele. Niko karibu."

Jumamosi, 17 Mei

Jua. Amewasha jiko, kwa mafundi tu. Limeshika moto. Namwona kila dakika anainama kutazama bamba. Spana anasema bosi aliuliza msichana aliyepiga ukelele ni mtoto wa nani, basi. Habari ya kibaraza hajaigusa, wala funguo ya stoo hajaitoa.

Alhamisi, 22 Mei

Siku ya sita hakuna mvua. Mama ametandika karatasi za ramani za kukatia sare sakafu nzima. Mjomba amepanga nguo zake kwenye begi bila kuambiwa. Redio ameiweka juu.

Jumapili, 25 Mei

Asubuhi mjomba alikuwa uani, anapaka jiko mafuta. Mama alikuwa anakata kitambaa. Nilisimama mbele yake mpaka akaacha mkasi.

"Mama, kazi ya wageni hakuipoteza yeye. Niliipoteza mimi."

"Najua. Ulitangaza."

"Basi usimrudishe kwa kaka yenu mkubwa. Ukimrudisha utakuwa unamwadhibu kwa kosa langu, na mimi nitakuwa nakaa humu nikilitazama sofa lake tupu."

Ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kumwambia mama kwa mfululizo. Alinitazama kama mteja aliyekuja na kitambaa asichokijua. Akatazama lile begi pembeni ya sofa. Nilidhani atakasirika, na sehemu ya kwanza ya uso wake ilikasirika kweli.

Akainuka, akavuta futi shingoni, akaenda kwenye ujia kati ya jikoni na chumba changu, pale penye meza yangu ya kusomea. Akapima ukuta. Akapima tena, akiandika kwa chaki mkononi.

"Kitanda chembamba kitaingia," akasema. "Na pazia nitashona. Lakini meza itoke."

Mtihani ni wiki ijayo. Ile ndiyo sehemu pekee ya nyumba hii yenye utulivu wa kusomea.

"Itoke," nikasema.

"Nenda kamwambie basi. Mimi nina sare arobaini."

Nikaenda mlango wa uani. Nikamwambia mara ya kwanza, akasema, "Eeh?" Nikamwambia mara ya pili, kwa kifua chote, kuku wa jirani wakatawanyika. Mjomba akaweka kitambaa cha mafuta juu ya jiko. Kisha akanawa mikono kwa muda mrefu, akaja kwenye ujia, akaishika meza ncha moja, akanisubiri nishike nyingine.

"Vitabu viende wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha kabati la jikoni, rafu ya juu, mbali na mvuke. Alivipandisha vinne vinne, akavipanga kwa urefu, na kila alipomaliza fungu moja aligeuka kuniuliza kama nitafikia.

Fungu la mwisho silifikii. Nikamwambia.